Unaenda Ubelgiji? Hivi ndivyo utakavyozishika sikukuu zao mwaka mzima

Mpwa wangu anaondoka Lamu mwezi wa tisa anaenda kusoma Leuven, na toka viza itoke kila jioni yuko kwangu barazani hapa Langoni ananiuliza, khaleti huko sikukuu wanafanyaje, khaleti ni kweli kila kitu kinafungwa, khaleti kama niko kwenye funga itakuwaje. Mimi nimekaa Ghent miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, na nlipokwenda sikuwa na mtu wa kunielekeza, kwa hivyo nikaona bora niandike mara moja yamfae yeye na yeyote wa huku pwani anayekwenda.

La kwanza ulishike hili: kule sikukuu ni ya mji. Kama vile Maulidi ya Riyadha yalivyo ya Lamu, mtu atatoka Mombasa, atatoka Zanzibar, atatoka Komoro aje huku, hayamfuati yeye aliko. Na kule ni vivyo hivyo, Binche wana yao, Mons wana yao, Brugge wana yao, na ukikaa chumbani kwako Leuven ukingoja sherehe ije mlangoni utamaliza masomo hujaona kitu. Angalia siku, angalia mji, panda treni. Nchi yenyewe ndogo, unatoka asubuhi na usiku unalala kwako.

Za serikali ni kumi tu: 1 Januari, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, Alhamisi ya Kupaa, Jumatatu ya Pentekoste, 21 Julai, 15 Agosti, 1 Novemba, 11 Novemba na 25 Desemba. Siku hizo maduka mengi yanafungwa kabisa, sio kama huku Idi ambapo bado utapata duka moja limefungua nusu mlango, kwa hivyo mkate na maziwa nunua jana yake. Treni zinatembea lakini kwa ratiba ya wikendi. Ikiangukia Jumapili, mfanyakazi anapewa siku nyingine badala yake. Alafu kuna za jamii zao, Waflemi wanaoongea Kiholanzi wana 11 Julai, wanakumbuka vita vya Kortrijk vya 1302, wale wa Kifaransa wana 27 Septemba, na wale wachache wa Kijerumani upande wa mashariki wana 15 Novemba. Hizi hazifungi nchi nzima, ila ofisi za serikali za upande huo unaweza kuzikuta zimefungwa, na kama ulikuwa na miadi ya karatasi zako za ukaazi ni vizuri uwe unajua.

Sasa hesabu ya mwezi, na hapa mtu wa Lamu ataelewa haraka kuliko wengine. Pasaka yao inafuata mwezi. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada ya hapo, ila wao hawangoji mtu apande juu ya dari aangalie, kanisa lina majedwali yake tangu zamani, mtu anaweza kukwambia Pasaka ya miaka hamsini ijayo. Na ukishaijua Pasaka umeshajua nusu ya kalenda. Rudi nyuma siku 47 unapata Jumanne ya kanivali, siku kubwa ya Binche. Enda mbele siku 39 ni Alhamisi ya Kupaa, siku 50 ni Jumatatu ya Pentekoste, siku 56 ni Jumapili ya Utatu ambayo ndiyo siku kubwa ya Mons. Chukua mwaka 2027: Pasaka ni 28 Machi, basi Binche ni 9 Februari, Kupaa ni 6 Mei, Pentekoste Jumatatu 17 Mei, Mons 23 Mei. Kaa chini na kalamu siku ya kwanza tu uliyofika, andika zote kwenye simu, manake tiketi na vyumba vya kulala karibu na miji hiyo vinaisha mapema mno.

Ukifika mwezi wa tisa ya kwanza itakayokukuta ni 1 Novemba, Watakatifu Wote. Ni siku ya makaburi. Familia nzima wanakwenda kusafisha kaburi la mzee wao na kuweka maua, na ua lenyewe ni krisanthemamu, utayaona yamepangwa nje ya kila duka, vyungu kwa vyungu, manjano, meupe, zambarau, yanavutia kweli. Mimi mwaka wa kwanza nlialikwa chakula nyumbani kwa mama mmoja wiki hiyo, nikanunua chungu kizuri kabisa nikampelekea. Alikipokea kwa heshima lakini uso wake ulibadilika, na mwanawe ndiye aliyenieleza baadaye pembeni kwamba lile ni ua la maiti, halipelekwi kwa mtu aliye hai. Niliona uchungu sana kwa sababu mama yule alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo huo. Kwa hivyo mwanangu, krisanthemamu usimpelekee mtu. Ukialikwa beba halwa ya hapa Lamu, ifunge vizuri kwenye sanduku lako, chokoleti wao wanayo ya kutosha, halwa hawana.

11 Novemba ni siku ya kumaliza vita vya kwanza vya dunia, 1918. Kama unaweza kwenda Ieper nenda. Kuna lango kubwa la mawe, Menin Gate, limeandikwa majina ya wanajeshi zaidi ya 54,000 ambao hawakupatikana hata wakazikwa, na kila siku saa mbili usiku wanapuliza tarumbeta pale, tangu 1928, wakaacha tu wakati wa vita vya pili mji ulipokaliwa na Wajerumani. Ni kila siku, sio Novemba pekee, kwa hivyo ukikosa siku yenyewe kwa ajili ya umati unaweza kwenda jioni yoyote. Ukifika nyamaza, usipige makofi, watu wa pale hawapendi.

Alafu inakuja ya watoto, na hii ndiyo itakayowagusa nyinyi wenye kwenda na watoto au kufanya kazi kwenye nyumba za watu. Usiku wa 5 kuamkia 6 Desemba anakuja Mtakatifu Nikolasi, Waflemi wanamwita Sinterklaas. Mtoto analaza kiatu chake, ndani anaweka karoti, asubuhi anakuta karoti imeliwa na kiatu kimejaa machungwa madogo, chokoleti na biskuti za speculoos zenye mdalasini. Karoti ni ya mnyama wake. Upande wa Waflemi anapanda farasi anatembea juu ya mapaa, upande wa Kifaransa anakuja na punda! Nlipowaambia watoto wa jirani yangu kwamba mimi natoka mji ambao usafiri ni punda, mitaa yake gari haipiti, waliniangalia kama nimetoka moja kwa moja nyumbani kwa Nikolasi, nikawaonyesha picha za punda wetu wa ufukoni wamebeba matofali ya matumbawe, wakataka kujua kila mmoja jina lake. Mwezi wa kumi na moja huyo mzee anafika Antwerp kwa meli, wanasema anatoka Uhispania, na gati linajaa watoto. Miji mingine haimngoji yeye, Ieper na Aalst kwa mfano zawadi zinaletwa na Mtakatifu Martini siku ile ile ya 11 Novemba, kwa hivyo kama unalea mtoto wa watu uliza kwanza nyumba hii ni ya nani kati ya hao wawili.

Na kuna jambo lazima nikwambie mapema lisije likakukuta barabarani. Nikolasi ana msaidizi, Zwarte Piet, ambaye kwa desturi ni mzungu aliyejipaka uso mweusi ti, na nywele za bandia na midomo myekundu. Nlipomwona mara ya kwanza roho iliniuma, na niliumia zaidi mtoto mmoja kwenye basi aliponiita mimi kwa jina hilo. Sehemu nyingi sa hizi wamebadilisha, wanajipaka madoa ya masizi tu mashavuni, lakini sio zote, na mjadala bado upo. Kama ikikuuma sema. Waambie kwa upole na kwa wazi, wapo wengi watakaokusikiliza, mimi nilisema kwa mwalimu wa shule ya jirani na tulikaa tukaongea saa nzima.

Krismasi yenyewe ni ya nyumbani, usiku wa 24 ndio mlo mkubwa. Ukialikwa mwambie mwenyeji wiki moja kabla kwamba huli nguruwe na hunywi pombe, waeleze mapema kwa sababu wanapanga chakula siku nyingi, na pombe inaingia hata kwenye mchuzi na kwenye keki. Upande wa Kifaransa kuna mkate mtamu unaitwa cougnou, una umbo la mtoto aliyefungwa nguo, wa maziwa na mayai, mzuri na chai. Mitaani kuna masoko ya Krismasi na humo utakuta vitu kama kaimati kabisa, mviringo, moto, vimenyunyiziwa sukari ya unga, Waflemi wanaita smoutebollen. Usikimbilie. Smout maana yake ni mafuta ya nguruwe, siku hizi wengi wanatumia mafuta ya mimea lakini muulize muuzaji kwanza. Na chipsi zao zinazosifiwa dunia nzima asili yake zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hivyo hapo pia uliza.

Kusalimiana: kule ni busu moja la shavuni, hata mwanamume kwa mwanamume, na mwaka mpya ukumbi mzima unazungukana. Kama hutaki, weka mkono kifuani mapema kabla hajakusogelea, tabasamu, taja jina lake. Mimi miaka yote sita nilifanya hivyo na hakuna aliyekasirika.

Mwaka mpya una kitu nilichokipenda kupita kiasi, barua za watoto. Kule Flanders, upande wa Waflemi, mtoto anaandika barua shuleni, karatasi ya mapambo, mwandiko wa kujikaza, alafu 1 Januari anasimama mbele ya wazazi na wazazi wake wa ubatizo anaisoma kwa sauti, anawatakia heri na kuahidi kuwa na adabu, na anapewa pesa. Ni kama watoto wetu wakipita kuomba mkono wa Idi, ila kule lazima wasome kwanza. Kama uko ndani ya nyumba mtoto anaposoma zima simu.

6 Januari watoto wanavaa mataji ya karatasi wanaimba mlango kwa mlango, na nyumbani kunakatwa keki yenye kitu kidogo kimefichwa ndani, atakayekipata ndiye mfalme wa siku, tafuna polepole usije ukavunja jino. 2 Februari ni siku ya chapati za maji, wanaziita pannenkoeken, hata maskini lazima apike siku hiyo, na mimi nilikuwa nawapikia zetu za nazi na iliki wakagombania.

Sasa Binche. Hapa naomba unisikilize vizuri maana nimezunguka kanivali zao nyingi na hii haina mfano. Ni mji mdogo wa upande wa Kifaransa, una kituo chake cha treni. Jumanne ile kabla ya Kwaresima wanaume wa mji wanakuwa ma-Gille. Wanaamka usiku wa manane kuvalishwa, nguo inajazwa majani makavu kifuani na mgongoni mpaka mtu anavimba, imeshonwa simba wekundu, weusi na manjano, kiunoni njuga, miguuni viatu vya mbao, mitawanda hasa, na wakitembea kwa kishindo cha ngoma ardhi yote inaitikia. Nlisimama pale nikajihisi niko kwenye zefe, yale maandamano yetu ya Maulidi, ngoma zile zinaingia kwenye mfupa. Asubuhi wanavaa barakoa za nta zote sura moja, zenye miwani ya kijani na masharubu, huwezi kujua tajiri ni nani na fundi bomba ni nani. Mchana wanavua barakoa na wengi wanavaa makofia makubwa mno ya manyoya ya mbuni, wanarusha machungwa. Hapo kuna sheria tatu za kushika. Chungwa likikujia lidake, ni baraka. Usimrudishie kwa kulirusha, ni tusi kubwa, ni kama mtu amekupa tende kwa mkono wake ukamtupia. Na usitegeshe kichwa, yanarushwa kwa nguvu kweli, ndio maana utaona madirisha ya mtaa yamefungwa wavu. Gille lazima awe mtu wa Binche, na havai nguo ile akaenda kucheza mji mwingine hata alipwe nini. UNESCO waliitangaza kanivali hii 2003, miaka miwili baada ya mji wetu wa Lamu kuingia kwenye urithi wa dunia, na mimi nawaheshimu sana kwa kutoiuza.

Mwaka 2027 kuna mkutano wa mambo: Ramadhani inatarajiwa kuanza kama 8 Februari, mwezi ukiandama, na Binche ni 9. Unaweza kwenda na funga yako. Vaa koti zito, soksi mbili, glavu, baridi ya kusimama bila kula ni kali. Machungwa utakayodaka tia mfukoni, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, utafuturu nayo na tende zako, na fataki ni usiku kwa hivyo hukosi kitu. Sehemu ya kuswalia huenda usiipate karibu, beba mkeka mdogo.

Aalst nao wana kanivali kubwa siku hizo hizo, ya kuwacheka wanasiasa. Iliondolewa kwenye orodha ya UNESCO 2019 kwa sababu ya magari ya maonyesho yaliyowadhihaki Mayahudi. Mimi nilikwenda mara moja na sikurudi, na mpwa wangu simshauri. Mwisho wa Februari kuna Geraardsbergen, wanapanda kilimani na kurusha vimkate vya mviringo kwa maelfu, na wakubwa wa mji wanameza kisamaki kidogo kilicho hai kutoka kikombe cha fedha. Baba yangu mvuvi nlipomwelezea alisikitika, akasema samaki hata wa chambo ana haki yake.

Pasaka watoto wanaambiwa kengele za makanisa zimeruka kwenda Roma, na ni kweli kuanzia Alhamisi kuu huzisikii, alafu Jumapili zinarudi zikidondosha mayai ya chokoleti bustanini. 1 Mei utaona watu wanauza barabarani vishada vya vijiua vyeupe vinavyonukia, muguet, nunua kimoja umpe mwenye nyumba wako, ni kama kumpa mtu kikuba cha asumini. Alhamisi ya Kupaa nenda Brugge ukaone maandamano ya Damu Takatifu, watu kama 1,700 wamevaa mavazi ya zamani, mchana. Ijumaa inayofuata wengi hawaendi kazini, wanasema wanajenga daraja, kwa hivyo daktari na benki usiwapange siku hiyo.

Mons ni Jumapili ya Utatu na inapendeza kama Binche ila ni ya fujo zaidi. Asubuhi gari la dhahabu lenye masalia ya Mtakatifu Waudru linazungushwa mjini likivutwa na farasi, na kurudi lazima lipande mteremko mkali bila kusimama hata kidogo, likikwama wanaamini mji utapata balaa, kwa hivyo watu kwa mamia wanalisukuma nyuma kwa mabega. Nilikuwa pembeni, nikaona vizee vinalia limefika juu. Baada ya hapo uwanjani Mtakatifu Joji anapigana na joka, jitu refu mita kama 10 limebebwa na wanaume waliovaa nyeupe, mkia unashushwa kwenye umati na kila mtu anagombania unywele wake, ni wa bahati. Mbele kabisa ni msukumano wa kifua kwa kifua, kina dada msiingie kule, tafuteni nafasi pembeni mapema na mkoba uwe mbele. Baibui ndefu itakanyagwa, vaeni kitu kifupi kidogo na suruali ndani.

Kiangazi mambo ni mengi hata sitayamaliza. 30 Juni ni siku ya uhuru wa Congo, 1960, na ukienda Matonge pale Ixelles mjini Brussels utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi barabarani, mimi siku nilizotamani nyumbani nilikuwa naenda pale kusikiliza tu. 21 Julai ni siku ya taifa, Leopold wa kwanza aliapa 1831, kuna gwaride la jeshi Brussels na fataki. Wiki hiyo hiyo Ghent wana siku kumi za muziki mitaani, Gentse Feesten, mingi ya bure, imeanza 1843, usingizi sahau. 9 Agosti Brussels wanapanda mti wa Meyboom na lazima usimame kabla ya saa kumi na moja jioni. Wikendi ya nne ya Agosti Ath wanamwoza jitu Goliath, sanamu kubwa zinacheza mtaani na aliye ndani anaonekana miguu tu. Na Dendermonde wana farasi wa mbao wanayemtoa mara moja kila miaka kumi, safari ijayo 2030, kwa hivyo mpwa wangu akiendelea na masomo atamkuta.

Imebaki 15 Agosti. Ubelgiji karibu yote wanasherehekea siku ya mama mwezi wa tano, lakini Antwerp na sehemu za jirani wao mama zao wana 15 Agosti, siku ya Bikira Maria. Maduka ya maua yanafunguliwa asubuhi ingawa ni sikukuu. Leuven na Antwerp ni mwendo mfupi wa treni, nenda ukaone, watu wamebeba maua wanaingia nyumba za mama zao. Kisha mpigie mamako. Huku tumewatangulia saa moja kipindi hicho, kwa hivyo mpigie kabla ya magharibi ya huku, hajaenda kuswali.